Asidi, besi na chumvi: mwongozo kamili kwa mwanafunzi aliye mbali na maabara

Siku ya pili ya Idi, nikiwa mdogo, nilijimwagia mchuzi kwenye kanzu mpya. Doa la manjano, pana kama kiganja, kifuani pale pale. Nikakimbilia uani na kipande cha sabuni ya mche kabla mama hajaliona. Kulisugua tu, doa likageuka jekundu kama damu. Nikazidi kusugua, nalo likazidi kuiva. Bibi alikuwa kakaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Akanitazama, akasema, "Weye, lete ndimu." Akaikamua juu ya doa, na wekundu ukatoweka mbele ya macho yangu, ikabaki ile manjano ya mwanzo. "Sabuni yaliwasha, ndimu yalizima," akasema, akarudi kwenye nazi yake.

Somo zima la asidi na besi lilikuwamo kwenye lile doa. Nilikuja kulijua nilipofika kidato cha pili, tuliposomeshwa litmasi, karatasi zinazogeuka rangi kwenye asidi na besi, kwa chaki ubaoni, maana karatasi zenyewe hazikuwapo. Leo nasomesha, hapa hapa Pemba, na bado huanza na manjano kabla sijaandika mlinganyo hata mmoja. Aliyeona rangi ikigeuka mkononi mwake hahitaji kukariri.

Kanuni moja kabla ya yote: usionje. Vitabu husema asidi ni chachu na besi ni chungu tena huteleza vidoleni. Ni kweli, lakini hizo ni habari za kujua, si kipimo. Ndimu waijua kwa ulimi tangu utotoni. Maji ya betri ya gari nayo ni asidi, na hayo hutoboa nguo kabla hujamaliza kupiga chafya.

Maneno matatu

Asidi, ambayo wengine huiita tindikali, ni kitu ambacho kikiingia majini huachia chembe za haidrojeni zenye chaji, yaani ioni za H⁺. Besi ni mpinzani wake: huzinyakua hizo H⁺, na besi nyingi hufanya hivyo kwa kuachia ioni za haidroksidi, OH⁻. Fikra hii ya ioni aliileta Msweden Svante Arrhenius katika tasnifu yake ya mwaka 1884. Waliomtahini walimpa alama za chini. Mwaka 1903 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi ile ile. Wanafunzi wangu waliofeli jaribio huipenda sana habari hii.

Besi inayoyeyuka majini huitwa alikali. Neno hilo limetoka kwenye Kiarabu, *al-qali*, majivu ya mimea. Kwa hiyo anayesugua masufuria kwa majivu ya kuni ana alikali mkononi, kwa jina na kwa kazi.

H⁺ na OH⁻ zikikutana hushikana na kuwa maji, H₂O. Vilivyobaki, kipande kutoka kwa asidi na kipande kutoka kwa besi, ndivyo vinavyoitwa chumvi. Chumvi ya mezani ni mmoja tu katika ukoo mkubwa.

Hatua ya kwanza: tengeneza vipimo vyako

Utahitaji vikombe vyeupe au bilauri kama kumi, kijiko cha chai, kitambaa safi cha kuchujia, na bomba la sindano la mililita 5, bila sindano yenyewe. Duka lolote la dawa linalo. Tafuta pia miwani yoyote ya kukinga macho. Chokaa ikirukia jicho si mchezo.

Kipimo cha kwanza ni karatasi ya manjano. Tia kijiko kimoja cha chai cha manjano ya unga kwenye kikombe, ongeza vijiko vitano vya spiriti ya kusafishia vidonda, koroga, acha dakika 10. Spiriti ni lazima kwa sababu rangi ya manjano, kurkumini, ni mvivu wa kuyeyuka majini. Fanya kazi hii mbali na jiko, spiriti hudaka moto upesi. Chuja, chovya vipande vya karatasi nyeupe inayonyonya, upana wa kidole kimoja, kisha vianike kivulini. Usivianike juani, vitapauka.

Kipimo cha pili ni maji ya maua ya haibiskasi, yale mekundu yanayopandwa uani na kwenye ua wa nyumba. Chuma maua matano, tupa kikonyo na ule ulimi mrefu wa katikati, chana petali tu, zimwagie kikombe kimoja cha maji ya moto. Baada ya dakika 15 chuja. Utapata maji ya zambarau. Yatumie siku ile ile, maana kesho yake yameshachacha, na kuchacha maana yake yamejaa asidi ya kwao wenyewe.

Kila mwaka huulizwa kwa nini nisitumie choya, iliyo rahisi kupatikana kavu sokoni. Hugeuka rangi vizuri, kweli. Lakini choya yenyewe ni chachu, ina asidi yake, hivyo ukiitia kwenye maji matupu itakuambia "asidi" na huku yajisema yenyewe. Kipimo kizuri kwanza kiwe hakina upande.

Hila hii ya maua si mpya. Robert Boyle wa Uingereza aliandika mwaka 1664 jinsi sharubati ya maua ya urujuani inavyokuwa nyekundu kwenye asidi na kijani kwenye alikali. Litmasi ya madukani nayo ni rangi iliyotolewa kwenye kuvu-mwani wa juu ya mawe.

Hatua ya pili: pima kila kilichomo jikoni

Panga vikombe, kila kimoja na vijiko viwili vya kitu chako: maji ya ndimu, siki, ukwaju uliorowekwa, mtindi uliozimuliwa kidogo, maji ya mvua, maji ya bahari, maji ya sabuni ya mche, magadi yaliyoyeyushwa, maji ya majivu yaliyochujwa, na maji ya chokaa. Andika jina kwenye kila kikombe *kabla* ya kumimina. Nimeona darasa zima likibishana nusu saa juu ya vikombe viwili vya maji meupe.

Maji ya chokaa yana utaratibu wake. Tumia chokaa iliyokwisha kuzimwa kwa maji, ile laini inayouzwa pamoja na tambuu. Kijiko kimoja cha chai kwenye chupa ya lita moja ya maji, funga, tikisa, acha ilale usiku kucha. Asubuhi mimina yale maji maangavu ya juu bila kutibua masimbi. Chokaa hai, ile ya mabonge, usiiguse kabisa. Ikikutana na maji huchemka na kurusha matone ya moto.

Sasa chovya karatasi ya manjano katika kila kikombe, na uandike. Ndimu, siki, ukwaju, mtindi, mvua: manjano yabaki manjano. Bahari: huoni badiliko la kueleweka. Sabuni, magadi, majivu, chokaa: nyekundu ya hudhurungi, na kwenye chokaa huwa kali kabisa. Kwa hiyo manjano humtambua besi tu. Hawezi kukutofautishia ndimu na maji ya mvua, na hapa ndipo haibiskasi anapoingia. Chukua sampuli mpya, tia matone kumi ya maji ya zambarau kwenye kila kikombe: ndimu na siki hung'aa waridi hadi nyekundu, maji ya mvua hubadilika kidogo sana, magadi na chokaa huwa kijani.

Mla tambuu aliye jirani yako ana jaribio hili mdomoni. Popoo peke yake haitoi ule wekundu. Wekundu wa mate hutokea popoo inapokutana na chokaa, yaani besi.

Ukitaka namba badala ya rangi, kuna kipimo cha pH, alichokiasisi Mdenmark S. P. L. Sørensen mwaka 1909 akiwa kwenye maabara ya Carlsberg, Copenhagen. Hutoka 0 hadi 14. Maji safi ni 7, chini yake asidi, juu yake besi. Maji ya ndimu hucheza kwenye 2 na kidogo, mtindi kwenye 4 na nusu, maji ya bahari karibu 8.1, magadi kwenye 10 hivi, na maji ya chokaa yaliyoshiba, yaani yasiyoweza kuyeyusha chokaa zaidi, hupita 12. Jihadhari na mtego wake: kila hatua moja ni mara kumi. Kitu chenye pH 2 kina ioni za H⁺ mara 1,000 kuliko chenye pH 5, si mara mbili na nusu.

Na huu hapa mtego wa pili, unaowaangusha wengi kwenye mitihani. Asidi *kali* si sawa na asidi *iliyokolea*. Ukali ni tabia: asidi ya haidrokloriki, iliyomo hata tumboni mwako, huachia H⁺ zake karibu zote, na asidi ya siki huachia chache tu. Kukolea ni wingi: kiasi gani umetia kwenye maji. Asidi kali yaweza kuzimuliwa hadi isidhuru, na asidi dhaifu iliyokolea yaweza kukuunguza. Siku utakapofika kwenye maabara ya kweli na ukaambiwa uzimue, tia asidi ndani ya maji, pole pole. Kamwe usimimine maji ndani ya asidi.

Hatua ya tatu: wazimishe

Hapa ndipo ninapokaa na darasa muda mrefu kuliko popote. Vuta mililita 20 za maji ya chokaa kwa bomba, yaani mara nne, uzitie kwenye kikombe cheupe. Ongeza matone matatu ya ile spiriti ya manjano. Yote yawe mekundu. Safisha bomba, vuta maji ya ndimu yaliyochujwa, anza kudondosha tone moja moja huku ukikoroga. Hesabu kwa sauti.

Kila tone litafungua duara la manjano pale linapoangukia, kisha wekundu utalifunika tena. Duara hilo lote ni hadithi: H⁺ za ndimu zimeshinda mahali padogo, halafu OH⁻ za chokaa zimezijia kutoka pembeni. Yale maduara yatakawia zaidi na zaidi, na kikombe kitaanza kuwa na rangi ya chungwa. Sasa punguza mwendo. Tone moja tu, na kikombe kizima hugeuka manjano na kubaki hivyo. Hapo acha, andika namba yako.

Ukiwa na chokaa iliyoshiba na ndimu ya kawaida tarajia matone kama 20, pungufu au zaidi, maana ndimu hazilingani. Rudia mara tatu. Ukipata 19, 21, 20, mkono wako ni mzuri. Ukipata 12 na 31, tone lako si tone, au hukukoroga. Usiibadilishe namba ili ifanane na ya mwenzako. Mimi huiona mara moja, na hutoa alama zaidi kwa mwenye 12 na 31 aliyeeleza ni kwa nini.

Ulichofanya, yaani kuzimisha, ni hiki: asidi + besi → chumvi + maji. Chumvi yako hapa ni sitreti ya kalsiamu. Mfano unaotakiwa kwenye karatasi ya mtihani ni HCl + NaOH → NaCl + H₂O, na sasa unaweza kuuandika ukiwa na picha kichwani.

Hatua ya nne: pumzi yako na jiwe la Unguja

Chukua bilauri nusu ya maji ya chokaa, maangavu. Weka mrija, vaa miwani, puliza pole pole. *Puliza, usivute.* Dakika haijaisha, maji yatakuwa meupe kama tui. Pumzi yako ina hewa ukaa, ambayo majini hufanya asidi dhaifu. Imekutana na besi, na chumvi iliyozaliwa ni kaboneti ya kalsiamu, isiyoyeyuka.

Usiishie hapo kama vitabu vingi vinavyoishia. Endelea kupuliza, dakika nyingi, hata mashavu yachoke. Weupe utaanza kufifia: hewa ukaa iliyozidi imeigeuza sehemu ya ile kaboneti kuwa baikaboneti, nayo huyeyuka.

Umeona visiwa vyetu vikifanya kazi. Ardhi ya Unguja kwa sehemu kubwa, na ya Pemba kwa baadhi ya sehemu, ni jiwe la matumbawe, kaboneti ya kalsiamu. Maji ya mvua huchukua hewa ukaa angani na udongoni, yanakuwa na asidi kidogo, pH yake karibu 5.6 hata pasipokuwa na uchafu wowote, na hulila jiwe kwa miaka elfu kwa elfu. Ndiyo asili ya mapango kama lile la Mangapwani. Maji hayo huishia visimani yakiwa na baikaboneti, ukayachemsha, hewa ukaa ikatoka, na kaboneti ikarudi kuwa jiwe ndani ya birika: ule ukoko mweupe. Kamua ndimu mbili, jaza maji, chemsha, acha saa nzima. Mapovu utakayoyaona ni hewa ukaa ile ile: asidi + kaboneti → chumvi + maji + hewa ukaa.

Mafundi waliojenga Mji Mkongwe walilizungusha gurudumu hili bila kuandika mlinganyo. Mawe ya matumbawe yalichomwa kwa kuni hadi hewa ukaa ikatoka, ikabaki chokaa hai, ikazimwa kwa maji, ikapakwa ukutani, na ukutani ikaivuta tena hewa ukaa ya angani, mwaka hadi mwaka, ikawa jiwe.

Hatua ya tano: pata chumvi mwenyewe

Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi za kila aina zipatazo gramu 35, na zaidi ya robo tatu yake ni ile ya mezani, kloridi ya sodiamu. Chota mbali na bandari, chuja mara mbili kwa kitambaa, chemsha lita mbili kwenye sufuria isiyo ya alumini.

Usikaushe kwa pupa. Kwanza hujitokeza unga mweupe laini, kaboneti kisha jasi; chuja uutupe. Maji yakibaki kama sehemu moja ya kumi ya mwanzo, punje za chumvi zenyewe huanza kuanguka, za miraba. Zitoe kungali na maji kidogo sufuriani. Yale maji ya mwisho yana chumvi za magnesiamu, chungu vibaya sana, ndiyo sababu wenye majaruba ya chumvi huyamwaga. Wao hutumia jua na huyapitisha maji jaruba moja hadi jingine kwa mpangilio huu huu. Chumvi yako haina madini joto yanayotiwa kuzuia rovu, basi iwe ya somo, ya mchuzi nunua.

Chumvi nyingine ipate kwa kuzimisha: tia magadi kidogo kidogo kwenye siki hadi mapovu yakome, chuja, haukisha. Hiyo ni asetati ya sodiamu. Si ya kula.

Swali la kuchokonoa: magadi yenyewe ni chumvi, mbona yalifanya manjano kuwa mekundu? Kwa sababu si kila chumvi haina upande. Magadi yametokana na besi kali na asidi dhaifu, nayo huegemea kwa mzazi mwenye nguvu. Mbolea ya SA, salfeti ya amonia, huegemea upande wa pili, na shamba linalopewa hiyo tu kila msimu udongo wake huzidi kuwa na asidi.

Vitu vya kufanya nyumbani ukishaelewa

Samaki kwanza. Shombo hutokana na amini, ambazo ni besi zinazoruka hewani hadi puani. Ndimu huzigeuza chumvi, na chumvi hazirukiruki. Ndimu haikuua harufu, imeifunga. Kisha shaba: misumari ya milango ya kale na masinia huwa meusi kwa oksidi, ambayo ni besi isiyoyeyuka majini, lakini ukwaju huila na kuacha chini yake shaba inayong'aa. Suuza upesi, maana chumvi za shaba ni za kijani na zina sumu. Na kiungulia: vidonge vyake ni besi laini, mara nyingi haidroksidi ya magnesiamu au kaboneti ya kalsiamu.

Kimoja usifanye abadani: kuchanganya jiki na dawa ya choo, au jiki na siki, au jiki na ndimu. Asidi huitoa klorini kwenye jiki, nayo ni gesi ya sumu inayochoma mapafu. Hilo silionyeshi hata darasani.

Ukimaliza, vikombe vya asidi na vya besi vimimine pamoja kwenye ndoo moja ya maji mengi, vizimane wenyewe, ndipo uvimwage.

Ama ile kanzu, ndimu haikulitoa doa, ililirudisha manjano tu. Bibi aliiosha tena, likawa jekundu tena, akacheka, akaitandaza juu ya majani ya uani, kifua kikitazama jua. Kurkumini haistahimili mwanga. Ijumaa niliivaa kwenda msikitini.